Kidevu cha Nyokabi

Katika wanawake wote wa Kapsoya, hakuna anayejua kutunza siri kunishinda mimi. Siri ikiingia kwangu imeingia kaburini. Sasa sogea karibu nikuambie ya mjukuu wangu Nyokabi, aliyeniapisha kwa Biblia nisimwambie mtu.

Nyokabi ana ndevu. Sisemi ule unywele mmoja unaoota kwenye baka ukauvuta ukingoja chai. Nasema ndevu, za kidevuni na za chini ya taya, nyeusi, ngumu kama za beberu. Ni binti wa kwanza wa mwanangu Mungai, yule mwenye duka la chakula cha mifugo, na binti wa kwanza kwetu hupewa jina la mama yake baba. Basi akapewa langu. Hakuna aliyetuonya kwamba jina linakuja na ndevu. Zangu mimi zimeshakuwa nyeupe, nazisokota kanisani mahubiri yakiwa marefu. Husemwa mwanamke mwenye ndevu hakosi mali. Nimevuka miaka sabini, bado naingoja.

Lakini Nyokabi hakuwa na moyo wa kusokota. Tangu akiwa sekondari, kila alfajiri kabla ya kwenda kukamua alijifungia bafuni, nikasikia wembe: krr, krr, krr. Halafu akajipaka ile spiriti wanayopaka vinyozi, na harufu yake ikapita chini ya mlango ikaja mpaka kitandani kwangu. Hata nikiwa nimejifunika blanketi gubigubi, nilijua Nyokabi amepita. Jogoo wetu aliwika baadaye, kama mtu aliyechelewa kazini.

Akapata mchumba. Murunga, kijana mpole, karani kwenye ghala la mahindi, watu wao ni wa upande wa Bungoma. Sikuwa na neno naye. Neno lilikuwa kwa mama yake, Nangila, mama mjane anayekutazama kama mbuzi wa mnadani ambaye hana haja ya kumnunua.

Siku ya kwanza alipokuja kunywa chai kwetu, alitazama kidevu changu mpaka chai ikapoa.

"Kwetu," akasema, "wazee walikuwa wanasema mwanamke mwenye ndevu huzika mume."

"Hata kwetu, mama," nikamjibu. "Mimi nimezika wawili. Wa tatu alinitazama vizuri akakimbia."

Hakucheka. Murunga alipaliwa na chai. Nyokabi, aliyekuwa amesimama na birika, mkono wake ulipanda polepole ukafunika kidevu, ukabaki hapo mpaka wageni wakaondoka. Tangu siku hiyo kicheko kilihama nyumba yetu.

Jioni ya Jumapili iliyofuata niliwasikia Nyokabi na Murunga wako kwenye ua, karibu na zizi. Sikuwa nachungulia. Nilikuwa nimesimama tu nyuma ya mlango, na mlango una ufa.

"Murunga," Nyokabi akasema, "wewe umewahi kuona mwanamke mwenye ndevu? Mbali na shosho." Shosho ni mimi, bibi yake.

"Mimi? Sijawahi. Kwani wako wengine?"

Alisema hivyo akimtazama ng'ombe. Nikajiambia, huyu kijana anapenda ng'ombe sana.

Nyokabi yeye alisikia jambo moja tu: hajawahi kuona, na akiona itakuwa shida. Siku ya ruracio, siku ya mahari, ilikuwa imeshapangwa. Baada ya hapo ni harusi, kitanda kimoja, na asubuhi isiyokuwa na mlango wa bafu wa kujificha. "Shosho," akaniambia, "akiamka kabla yangu siku moja tu, nimeisha. Na mama yake atamwambia achague, mimi au maisha yake."

Ndipo alipotaja leza.

Nilimsindikiza mjini, kwa daktari mmoja wa ngozi anayeitwa Kipkirui. Daktari mdogo kwa umri, lakini hakuwa na haraka, na mtu asiye na haraka nampenda. Alimweleza Nyokabi kila kitu, na mimi nikasikiliza maana nilikuwa nimelipiwa nauli.

Alisema leza hiyo ni mwanga. Unatafuta weusi wa unywele, unauteremkia mpaka kwenye mzizi, unauchoma huko ndani. Sasa sisi ngozi yetu pia ni nyeusi, kwa hivyo ni lazima mashine iwe ya aina inayojua ngozi yetu, na mwenye kuishika awe na adabu, la sivyo mwanga utashika ngozi ukidhani ni unywele. Alisema nywele haziamki zote pamoja, nyingine zimelala, kwa hivyo mtu hurudi kila baada ya mwezi hivi, mara sita au zaidi. Na hata hapo, kidevu ni kiburi. Zitapungua sana, zitakuwa laini, lakini asiahidiwe kwamba zitakwisha kabisa. Tena alitaka damu ipimwe, maana ndevu nyingi kwa msichana huenda zinatoka kwenye homoni.

"Kunyoa unaweza," akasema. "Kung'oa, hapana. Ukiung'oa mzizi, mwanga utachoma nini? Usiote jua la mchana. Usipake krimu ya kujichubua. Na siku ya kuja hapa, uso uje mtupu, bila mafuta ya aina yoyote."

"Na mimi, daktari?" nikauliza, nikimwonyesha zangu.

"Shosho, zako mwanga hauzioni. Hazina weusi wa kushika."

"Kwa hivyo nimeokoka."

"Umeokoka."

Akasema kwanza ajaribu mahali padogo, chini ya taya, pasipoonekana na mtu. Msaidizi wake alimpanguza Nyokabi kwa pamba mara mbili, akamuuliza amepaka nini, akampaka kitu cha baridi kama ute wa yai. Sote tukavishwa miwani, hata mimi niliyekaa kando kama mzigo. Mashine ikalia tiki. Nyokabi akashtuka, akasema ni kama kupigwa na mpira wa manati. Halafu ikaja harufu. Unaijua harufu ya kichwa cha mbuzi kikichomwa manyoya? Ndiyo hiyo, lakini kidogo, kama inayotoka kwa jirani wa mbali.

Ilibaki alama ndogo kama ya kuumwa na mbu, jioni ikawa imekwenda. Wiki moja na zaidi ikapita, halafu nywele za pale zikaanza kudondoka zenyewe, kama nyasi iliyopitiwa na moto. Pakabaki kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, laini kama shavu la mtoto.

Hicho kipande kidogo ndicho kilichotuponza. Nyokabi alikuwa akikigusa akikamua, akikigusa akiosha vyombo, akikigusa katikati ya sala. Aliyeonja hangoji chakula kiive. Alirudi kwa daktari akamwomba afanye uso wote upesi upesi, kila wiki, ruracio isimkute. Daktari akakataa. Nyokabi akarudi nyumbani kimya, na mimi kimya chake nakiogopa kuliko kelele za watu wengine.

Alhamisi, ruracio ikiwa Jumamosi, aliniambia, "Shosho, nisindikize tena mjini." Hakusema kwa nani. Asubuhi ile kulikuwa na baridi ya kupasua midomo, upepo ukitoka upande wa msitu wa Kaptagat kama umetumwa. Alinyoa, akapaka spiriti, halafu akafanya kile ambacho kila mtu wa nyumba yetu hufanya baridi ikizidi: akachota mafuta ya kukamulia, akajipaka uso mzima. Mkebe wetu ni mmoja. Tunapaka mikono, tunapaka visigino, tunapaka uso, na chuchu za ng'ombe zinapata sehemu yao. Hatujawahi kugombana na ng'ombe juu ya hilo.

Tulipanda ngazi nyuma ya maduka ya mitumba, ngazi nyembamba, hazina mahali pa kushika. Juu kulikuwa na mlango wa pazia. Ndani, dada mmoja anaitwa Priscah, amevaa koti jeupe, na kwenye mfuko wa koti imeshonwa jina Joseph. Rafu nzima nyuma yake ilikuwa ya krimu za kujichubua. Katikati, chini ya kitambaa, kulikuwa na mashine ikinguruma peke yake, kama mnyama aliyefunikwa ili asione wanaoingia.

"Karibu, mpenzi," Priscah akasema. "Ni hii kidevu tu? Leo tunamaliza. Mara moja, na hutanyoa tena maishani."

"Mara moja?" nikauliza.

"Mara moja, shosho."

Nikavuta ndevu zangu mbele. "Na hizi zangu?"

Akazitazama kwa huruma. "Hizo ndizo rahisi kabisa. Nyeupe zinaungua haraka."

Nikamtazama Nyokabi. Alikuwa amesikia. Nilijua amesikia maana alifumba macho. Nikamwambia kwa Kikuyu, inuka twende.

Akanijibu kwa Kiswahili, ili Priscah asikie. "Keshokutwa ni ruracio, shosho." Akalala kwenye kile kitanda.

Priscah alikuwa na miwani moja. Aliivaa yeye. Nyokabi akafunikwa macho kwa taulo, mimi nikaachiwa macho yangu nijitafutie. Hakuna aliyeuliza amepaka nini. Hakuna aliyeleta pamba. Taa ilipowashwa, uso wa mjukuu wangu uling'aa kama sufuria ya chapati.

"Mpanguze kwanza," nikasema. "Amepaka mafuta."

"Shosho, wacha mwenye kazi afanye kazi."

Mashine ikalia. Tiki. Tiki. Tiki. Ikaja ile harufu ya manyoya ya mbuzi, si ya jirani wa mbali sasa, ya jikoni kwako. Vidole vya Nyokabi vikashika ukingo wa kitanda.

"Ni kawaida kuuma hivi?"

"Urembo ni kuvumilia, mpenzi."

Tiki. Tiki. Halafu harufu ikabadilika. Nimechoma vichwa vya mbuzi tangu nikiwa msichana, na najua pale manyoya yanapokwisha na ngozi inapoanza. Niliinuka, nikafuata waya kwa macho mpaka ukutani, nikaung'oa.

Tiki ikakatika, nikasikia wauza mitumba wakiita wateja huko chini.

"Shosho umeniharibia mashine!" Priscah akapiga kelele.

Nyokabi akaketi. Kwenye shavu la kushoto, karibu na taya, kulikuwa na alama mbili za ukubwa wa kifuniko cha soda, za rangi ya majivu. Tulipokuwa bado tunazitazama, zikaanza kuvimba maji.

Priscah alivua miwani. "Hiyo ni kawaida," akasema, akinyoosha mkono kwenye rafu. "Paka hii krimu, kesho haipo."

Nikamwambia ampake Joseph.

Daktari Kipkirui hakutugombeza, na ndiyo maana niliogopa. Alimwagia maji ya baridi muda mrefu, akamtia dawa, akazungumza polepole. Pasipakwe poda. Pasiguswe na wembe mpaka pamepona. Patabaki na weusi, labda miezi mingi.

"Lakini patapona?" Nyokabi akauliza.

"Mara nyingi hupona."

Alisema mara nyingi. Hakuapa.

Sasa fikiria. Wembe hauruhusiwi shavu la kushoto, na ndevu za kwetu hazijui kwamba kuna ruracio. Kufikia Jumamosi asubuhi malengelenge yalikuwa yamenywea, yamekuwa kahawia, na kuzunguka pale nywele zimechomoza, nyeusi, zimesimama wima kama walinzi. Upande wa kulia alinyoa kama kawaida, akapaka spiriti yake kwa mazoea. Basi uso ulikuwa nusu bibi harusi, nusu bibi yake.

"Shosho, wakinifunua…"

"Wakikufunua wataona uso."

"Wataona laana. Mama Murunga ataona kile alichokisema. Tuwaambie mimi ni mgonjwa."

Kila mtu huningoja mimi nitie mzaha. Nilitafuta mzaha mmoja, hata wa zamani, sikuupata. Nyuma ya nyumba vijana walikuwa wanachoma vichwa vya mbuzi wa shughuli, na moshi ukaingia dirishani. Nyokabi akajiziba pua kwa leso. Nje, magari ya wageni yalikuwa yanaingia. Zizi lilikuwa tupu, maana Mungai alikuwa amempeleka ng'ombe kwa jirani ili hema lipate nafasi.

Kama hujui desturi yetu, ni hii. Siku ya ruracio bwana harusi haonyeshwi mchumba wake. Wanawake kadhaa hufunikwa leso kuanzia kichwani mpaka miguuni, naye hupita akiwatazama, amchague aliye wake. Akichagua mwingine anatozwa faini, na watu wanacheka mwaka mzima. Faini ya kwetu ilikuwa mbuzi kwa akina shosho. Nilimtaka huyo mbuzi. Nyokabi ni mrefu kama mlingoti wa bendera, akisimama hata kipofu angemjua, kwa hivyo nilisema safari hii hakuna kusimama. Tukakaa wanawake sita kwenye benchi, leso za aina moja, miguu imefichwa, na mimi mmoja wao, ubavuni mwake. Chini ya leso mkono wake ulikuwa umeshika wangu, baridi kama samaki.

Nyimbo zikanyamaza. Nikasikia viatu vya Murunga kwenye nyasi. Alipita wa kwanza. Akapita wa pili. Akafika kwangu akasimama, na nikasikia kitu ambacho aliyekuwa nje ya leso asingekisikia: alivuta pumzi. Polepole, kwa pua, kama ng'ombe anavyonusa ndama ajue ni wake. Akaniacha. Akasogea kwa Nyokabi, akavuta tena.

Nikakumbuka blanketi langu na ile harufu ya spiriti inayopita chini ya mlango.

"Huyu," Murunga akasema.

Vigelegele vikapanda. Leso ikavutwa. Na vigelegele vikakatika, kimoja kimoja, kama mishumaa ikipulizwa.

Niliondoa leso yangu mwenyewe. Nyokabi alikuwa amekaa wima, jua la saa sita limempiga usoni, jeraha na ndevu vyote nje. Hakufunika kidevu. Nadhani mkono ulikataa kuachana na wangu. Mungai alitazama chini. Mke wake Virginia alikuwa amesimama na sinia la njugu, njugu zinamwagika naye hajui.

Nangila akainuka kwenye kiti cha wageni. Alitembea mpaka kwenye benchi, hatua za mtu anayekwenda kutazama maiti. Akainama, akalitazama lile shavu. Akazitazama nywele. Akanigeukia mimi, akazitazama zangu, akarudi kwa Nyokabi. Hema zima lilingoja neno lake, na mimi nilijua neno lenyewe, nilikuwa nimelisikia siku ya chai.

Halafu akamgeukia mwanawe.

"Murunga. Huyu umemjuaje?"

Murunga alikuwa amesimama na mikono mfukoni. Hakuwa ameshtuka. Katika watu wote waliokuwa pale, ni yeye peke yake ambaye uso wa Nyokabi haukumshtua.

"Kwa urefu, mama," akasema. "Nyokabi ni mrefu. Nilimjua kwa urefu tu."

Wazee wakatikisa vichwa, ndiyo, ni mrefu. Kidogo tu jambo lipite.

"Murunga, mwanangu," nikasema. "Urefu gani? Si tumekaa?"

Mkono wake mmoja ukatoka mfukoni, ukapanda wenyewe mpaka puani, akaushusha haraka. Lakini tulikuwa tumeuona, mimi na mama yake.

Nyokabi pia alikuwa ameuona. Sauti yake ilitoka ndogo, lakini ilifika mpaka kwa wapishi.

"Si uliniambia hujawahi kuona mwanamke mwenye ndevu? Mbali na shosho?"

Murunga akageuza uso upande wa zizi, kumtafuta ng'ombe wa kumtazama. Lakini ng'ombe hakuwepo.